Kahawa Aliyoinywa Harub

Hakuna aliyemburura Harub kwenda Sur. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu baadaye watu walisema mengi: eti dada yake alimlilia, eti Mzee Marzouq, msuluhishi wa ukoo, alimtia maneno, eti ukoo mzima ulimkalia kooni. Kulia, dada alilia, haikatazwi. Lakini Harub ni mtu wa miaka hamsini na ushei, mwalimu wa mieleka wa chuo kimoja hapo Nizwa, Oman, kazi yake kutwa ni kubwagana na vijana wenye shingo nene kama magogo ya mtende. Mtu kama huyo haburutwi. Alivaa kanzu yake mwenyewe, akajifunga kilemba chake mwenyewe, akapiga gari moto, akenda kumwombea msamaha Wadhah, mtoto wa dada yake.

Wadhah alikuwa korokoroni. Alimtia mwenzake chongo.

Ilikuwa hivi. Wanamieleka wa chuo walikwenda Tiwi Ijumaa moja kuogelea kwenye maji ya wadi, bonde la mto lenye mawe. Mwalimu wao hakwenda. Alimwachia Wadhah awaongoze, kwa kuwa ndiye kepteni. Katika kundi lile alikuwemo Hud, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Sur, mwembamba, mcheshi, mdomo wake haujui kutulia. Hud akamtania Wadhah kwa pambano aliloshindwa karibuni. Wenzake wakacheka. Wadhah hakucheka. Alimkamata Hud kiunoni, akamnyanyua juu, akampiga mwereka ule ule aliofunzwa na mjomba wake juu ya mkeka laini, ila safari hii chini palikuwa na mawe. Jicho moja la Hud likapasuka. Madaktari wa Maskat walilihangaikia wee, lakini la kuvunda halina ubani.

Mwendesha mashtaka hakuficha kitu. Alisema mwenye haki akisamehe, na ikiwa ni kosa la kwanza la kijana, hakimu huenda akamwonea huruma, akaiahirisha adhabu yake. Asiposamehewa, ni jela, tena jela ya miaka. Hud keshakuwa mtu mzima na haki ni yake, lakini kwa desturi za watu wale anayekaa na wageni akatoa neno ni baba. Baba yake ni Mzee Thuwaini wa Sur.

Basi dada yake Harub, Khole, alikuja mbio kutoka Ibra. Khole huyu ndiye aliyemlea Harub. Familia ilirudi Oman kutoka Unguja mama yao akiwa mgonjwa, hakukaa akafariki, na Khole, kigori bado, akambeba mdogo wake mgongoni mpaka akajua kwenda. Yeye mwenyewe alichelewa kuolewa, akamzaa Wadhah umri ushamtupa mkono, mume akafa, akabakia na mtoto mmoja tu duniani. Alipofika kwa Harub hakukaa hata kitini.

"Harub, baba," alisema, "mimi tangu nikubebe mgongoni sijakuomba kitu. Leo nakuomba. Wende kwa watu wa Sur uniokolee mwanangu."

"Na la Izki, dada?"

"La Izki lipi?" Khole akamkazia macho. "Lile lilikwisha. Watu walisameheana, wakala halwa. Usinifukulie kaburi."

Lakini kaburi lenyewe lilikuwa bichi. Mwaka mmoja nyuma, Wadhah alimpiga kofi mwanafunzi mwenzake, Muadh, kwenye foleni ya chakula. Foleni, jamani! Na kofi la mwanamieleka si kofi la shangazi. Sikio la kijana lilitoka damu, na mpaka leo upande ule hasikii. Harub akakusanya wazee, Mzee Marzouq mbele, wakenda Izki kwa baba yake Muadh kabla bwana yule hajafika polisi. Pale, mbele za watu, Harub akaweka mkono kifuani akasema: "Kijana huyu yuko katika uso wangu. Akirudia, nijieni mimi."

Kwa watu wa kule neno hilo ni zito kuliko saini. Aliyeweka uso wake amejiweka rehani mwenyewe, na aliyewekewa haendi tena kushtaki, maana atakuwa amemtukana mwenzake hadharani. Baba yake Muadh akasamehe. Polisi hawakujua, chuo hakikujua. Na Harub, badala ya kumweka kijana pembeni hata msimu mmoja, akamfanya kepteni. Ati madaraka yatamtuliza! Hiyo ndiyo akili aliyoitumia, na medali za Wadhah nazo zilikuwa zikimnong'oneza sikioni. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wamesema wazee. Ila hapa aliyelia kwanza ni mtoto wa watu.

Habari za Tiwi zilipoenea, baba yake Muadh alimpigia simu Harub. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mimi nimekwisha kusamehe," alisema. "Polisi siendi, usiogope. Nakuuliza tu, Harub: uso wako u wapi?"

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema Harub.

Yule bwana akakata simu.

Kwa hiyo Harub alikwenda Sur akijua vyema anachokwenda kukiomba. Akisema ukweli wa Izki, mtoto wa Khole anafungwa na Khole anakufa naye akiwa hai. Akiunyamazia, mzee wa watu anasamehe kwa kudanganywa. Garini Mzee Marzouq alikuwa kakaa kando yake, bakora katikati ya magoti, anatafuna tende, na wazee wengine wanawafuata kwa gari la nyuma.

"Wewe kaa kimya tu," Marzouq alimwambia. "Maneno niachie mimi. Mimi nimesuluhisha watu wewe hujazaliwa."

"Mzee, na lile la—"

"La nini? Tia mafuta hapo mbele, gari lisije likatuaibisha."

Mzee Thuwaini aliwapokea mlangoni. Mtu mrefu, mkavu, amestaafu kazi ya serikali zamani. Alizaliwa Malindi ya Unguja na Kiswahili chake kilibaki kule kule, safi, cha watu wa mji. Harub alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, ammi."

"Marahaba, baba. Karibuni. Ingieni ndani, jua hili si la kusimama."

Waliketi majlisi, chumba cha wageni, mgongo kwa ukuta, kila mtu na heshima yake. Halwa ikaletwa, haikuguswa. Kisha Mzee Thuwaini akashika dele la kahawa kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia kijana wala mtumishi, akammiminia kila mgeni finjani yake. Na kila mgeni akaipokea, akaiweka chini mbele yake. Ndiyo ada. Mgeni aliyekuja na haja hanywi kahawa mpaka haja yake ikubaliwe. Mwenye nyumba akisema "kunyweni," basi neno limetoka na halirudi. Na mgeni asipokunywa hata baada ya kuambiwa, amesema bila kufumbua mdomo kwamba kuna jambo halijakaa sawa.

Mzee Marzouq akaeleza haja, akasifu ukoo, akataja Mungu na kusamehe, sauti yake ikipanda na kushuka. Alizungumza vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Mzee Thuwaini alisikiliza kichwa kimeinama. Marzouq alipomaliza, mwenye nyumba akasema:

"Mwanangu yumo ndani. Nimemwuliza, kanijibu: baba, utakaloamua wewe. Mimi nina suala moja tu. Kijana wenu huyu, ilikuwa hasira ya siku moja, au ndiyo tabia yake? Maana hasira ya siku moja humpata kila mtu, hata mimi. Lakini ikiwa ni tabia, mimi nikimsamehe leo nitakuwa nimewatolea kondoo fisi. Watoto wa watu wamejaa chuoni mle."

Akainua macho, akamtazama Harub. Si Marzouq, Harub.

"Wewe ndiye mwalimu wake."

Harub akafungua mdomo. Wallahi aliufungua. Lakini Mzee Marzouq alikuwa keshadakia:

"Mtoto wa watu, Thuwaini! Hajapata kumkanyaga hata kuku. Kosa la kwanza, la kwanza kabisa." Alisema hivyo Marzouq, yule yule aliyekula halwa ya Izki mpaka vidole vikanata!

Mzee Thuwaini hakumgeukia. Macho yake yalibaki kwa Harub, yanangoja. Kwa macho ya moyo Harub alimwona Khole kama siku ile, amesimama chumbani kule Nizwa, mtandio umemwanguka, hana habari nao. Akainamisha uso.

Mzee akangoja tena kidogo. Kisha akashusha pumzi.

"Haya. Nimesamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kunyweni kahawa yenu."

Finjani zikainuliwa, watu wakashukuru, Marzouq akamwombea mwenye nyumba dua ndefu. Ya Harub ilibaki chini peke yake. Bado alikuwa na nafasi, masikini. Hakutakiwa kusema hata neno. Angeiacha tu pale kwenye zulia, mzee angeelewa na angeuliza, na ukweli ungetoka wenyewe. Lakini jirani yake alimgusa kwa kiwiko, na Marzouq akamtupia jicho kali. Harub akaiokota finjani. Kahawa ilikuwa imepoa. Akainywa yote, akaitikisa finjani kuonyesha imemtosha, akamrudishia Mzee Thuwaini mkononi. Mzee akampiga bega taratibu, kama mtu amshukuruye mwenzake.

Mambo yakaenda kama walivyotaka. Hakimu alitazama msamaha, akatazama kosa la kwanza, akamhukumu Wadhah kifungo kisha akakiahirisha. Chuo kikamsimamisha muhula mmoja. Khole alipiga vigelegele mpaka majirani wa Ibra wakadhani kuna harusi, akambusu mdogo wake mikono na kichwa, akamwita baba yangu, akamwita mwanangu, akamwita nuru ya nyumba. Harub alisimama katikati ya furaha ile akijihisi mchafu.

Yeye ndiye aliyekwenda kumtoa Wadhah. Kijana aliingia garini, akafunga mkanda, akawasha simu yake, kidole kikaanza kukimbia.

"Khali, mjomba," alisema baada ya muda, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "mimi nitarudi mazoezi lini?"

Harub alingoja aulize habari za Hud. Barabara ni ndefu na kijana alikuwa na wakati wa kutosha. Walipita pampu za mafuta, walipita mashamba ya mitende, wakafika Ibra, hakuuliza. Harub alimshusha mlangoni kwa mama yake, akageuza gari bila kuingia ndani. Njiani alilia, dume zima, na pua ikamchuruzika juu ya kanzu.

Tangu hapo mieleka ilimtoka moyoni. Alifundisha, lakini ule mwereka wa kumnyanyua mtu juu alikuwa hawezi tena kuuonyesha. Akimshika kijana kiunoni mikono inamlegea. Vijana wakadhani mwalimu ana mgongo, wakamletea dawa ya kuchua. Aliipokea akasema ahsante.

Baada ya Idi, alasiri moja, mazoezi yakiendelea, mlango wa ukumbi ulifunguka akaingia Mzee Thuwaini. Nyuma yake alikuwepo kijana mwenye mabega mapana, anachekacheka kwa haya, mfuko wa nguo mkononi. Harub akatoka juu ya mkeka, akamwendea.

"Shikamoo, ammi."

"Marahaba, baba. Hujambo? Tumekuja kutoka Sur tangu asubuhi, mgongo wangu unalia." Mzee akacheka kidogo. "Nimekuletea huyu. Jina lake Alaa, kitinda mimba wangu. Kaingia chuoni hapa mwaka huu na anataka mieleka. Mama yake neno lenyewe hataki kulisikia nyumbani, na mimi nilikuwa sitaki. Lakini nilikaa nikafikiri. Nikasema, yule mwalimu nilimwuliza mbele za watu na akanywa kahawa yangu. Yule kijana angelikuwa na tabia mbaya, Harub asingeliinywa. Mtu kama huyo mtoto unamkabidhi ukalala usingizi."

Alaa hakungoja. Alikuwa keshavua viatu, yuko juu ya mkeka, vijana wa chuo wamemzunguka wanampima mikono. Harub alimtazama, akamtazama baba yake. Alijua kwamba akisema "karibu" tu, mambo yatakwenda vizuri tena, kama yalivyokwenda vizuri Izki, kama yalivyokwenda vizuri Sur.

"Ammi," alisema, "mchukue mwanao urudi naye."

"Kwa nini? Hafai?"

"Anafaa. Mimi ndiye nisiyefaa. Haikuwa mara ya kwanza, ammi. Kuna kijana wa Izki, Wadhah alimharibu sikio. Nilijua. Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kumwombea kwa baba yake ili lisifike polisi."

Mzee Thuwaini aliegemea bakora yake. Alionekana amezeeka pale pale, mbele ya macho ya Harub.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nikakungoja."

"Uliningoja, ammi."

"Lahaula!" Mzee akapiga bakora chini, vijana wakageuka. Akaishusha sauti. "Na leo unaniambia ili iweje? Nikusamehe na wewe? Mimi kila siku ni wa kusamehe tu?"

"Nitakwenda kwa mwendesha mashtaka. Nitasema yote, la Izki na la Sur. Wakinifukuza kazi, wanifukuze. Wakinifunga, haki yao."

"Wende. Usingoje kesho. Lakini mimi neno langu lilishatoka, na sili matapishi yangu." Mzee akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Tena lile neno halikuwa langu. Jicho lililotoka si langu. Hud aliniuliza: baba, mbona umemsamehe? Nikamwambia, kwa sababu mwalimu wako alikunywa. Akasema, basi vizuri. Yumo garini hapo nje, ukumbi huu umemshinda kuingia. Kamwambie yeye."

Harub alitoka. Gari lilikuwa kivulini, linanguruma kwa ajili ya ubaridi, na Hud amekaa mbele. Alipomwona mwalimu alishusha kioo, akageuza shingo nzima ili amwone kwa jicho lililobaki. Uso wake ulifurahi wote.

"Shikamoo, mwalimu!"

Marahaba haikumtoka Harub. Alishika mlango wa gari.

"Umemwona Alaa?" Hud aliendelea, mdomo wake ule ule. "Mimi ndo nilimwambia aje kwako. Mama hasemi na mimi, amekasirika sana. Nimemwambia, mama, mwalimu ni mtu mzuri. Alaa ana nguvu kuliko mimi, wallah, utaona."

"Hud, mwanangu, nisikilize."

Akamwambia. Hakuzunguka wala hakumtaja Marzouq, hakumtaja Khole, hakutaja madaraka ya kumtuliza mtu. Alisema Muadh wa Izki, alisema sikio, alisema nilijua, alisema baba yako aliponiuliza niliinama, nikanywa. Hud alisikiliza huku akichezea mkanda wa kiti. Kicheko kilimwondoka usoni kidogo kidogo.

"Hii ya Izki," aliuliza, "ilikuwa kabla ya Tiwi?"

"Kabla."

"Halafu ukamfanya yeye kepteni."

"Nikamfanya."

Hud hakumtazama tena mwalimu. Alitazama mbele, kwenye ukuta wa ukumbi.

"Siku ile, wenzangu waliniambia, Hud, nyamaza, usimtanie huyu, ni mbaya. Mimi nikawaambia hapana, yeye kepteni. Mwalimu hawezi kutupa sisi mtu mbaya."

Harub akaweka paji la uso juu ya paa la gari, akalia kwa sauti. Hud hakumtazama wala hakumwambia nyamaza. Mzee Thuwaini alipita nyuma yao, akazunguka, akaingia mahala pa dereva. Alaa akaja mbio kutoka ukumbini, viatu mkononi, pumzi juu.

"Kwani mwalimu amenikataa?"

"Hapana," alisema Hud. "Sisi ndo tumemkataa. Ingia."

Alaa akaingia nyuma, na Hud akapandisha kioo.